Halivuti

Neno lilikuwa moja tu, limeandikwa kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa kwenye kitabu cha safari cha gari jipya la wagonjwa: HALIVUTI.

Maelezo hakuna. Halivuti wapi, mlimani au tambarare? Likiwa na mgonjwa au tupu? Gia ya ngapi? Hakuna. Chini yake ilikuwa saini ya dereva mkuu, ile saini yake inayofanana na waya uliokatika. Mimi ndiye fundi wa karakana ya hospitali, na kwa bahati yangu mbaya ni mkwe wa huyo dereva mkuu. Kwa hiyo nilipolisoma lile neno kwa mara ya nne ndani ya wiki mbili, sikuweza kumfanyia alichostahili kufanyiwa dereva mwingine yeyote, yaani kuitwa karakanani na kupewa vidonge vyake. Baba mkwe hapewi vidonge vyake. Nilifunga kitabu, nikashusha pumzi, nikafungua boneti.

Mara ya kwanza nilikuwa nimebadilisha chujio la mafuta, ingawa lilikuwa safi. Mara ya pili nilikagua mabomba yote ya hewa, nikapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine, nikaunganisha kompyuta, nayo kompyuta ikaniambia nilichokuwa nakijua: gari zima. Mara ya tatu sikugusa kitu. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikanywa chai yangu taratibu, kisha nikaandika kitabuni: LIMEKAGULIWA, ZIMA. Kesho yake kitabu kikarudi na lile lile.

Kila aliyefanya kazi na madereva analijua neno hili. Gari likiwa na nguvu, linavuta. Likichoka, halivuti. Sijawahi kusikia dereva akilisifu gari kwamba linafika. Nadhani balaa lote lilianzia hapo, kwa sababu kuvuta unakusikia mgongoni, na kufika kunaonekana kwenye saa, na baba mkwe wangu hajawahi kuvaa saa.

Wanamwita Kishindo, na jina hilo hakusingiziwa. Akifunga mlango, vikombe vinatikisika kabatini. Akicheka wodini, waliolala wanaamka. Amebakiza miaka miwili astaafu, na kwa miaka kumi na minane ameshika usukani wa gari moja, lile la zamani, tunaloliita Kongwe. Kongwe nalo lina kishindo chake. Bomba la moshi limetoboka chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo injini inangurumia miguuni mwako. Raba zinazoishikilia injini zimekwisha, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kila kitu kinatetemeka, hadi meno. Springi za nyuma zimelala. Ukiondoka, pua inanyanyuka juu. Na tabo yake, lile pangaboi dogo linaloisukumia injini hewa, inachelewa kuamka. Unakanyaga, hakuna kitu. Unakanyaga, hakuna kitu. Halafu ghafla nguvu yote inakuja kwa mkupuo na kukupiga teke la mgongo.

"Unaona?" husema baba mkwe kila teke likija. "Unaona linavyovuta?"

Hapo ndipo ninapotaka kulia. Linakupiga teke, baba, kwa sababu lilikuwa limelala! Anayestuka akisukumwa ni yule aliyekuwa amesimama. Aliyekwisha kuanza kutembea hastuki. Gari jipya halilali. Linaanza kuvuta pale pale mguu unapogusa, na linaendelea kuvuta vile vile, sawasawa, hadi unatazama kipimo cha mwendo unakuta themanini. Vioo vyake vinene, kiti chake kiko juu, injini unaisikia kwa mbali kama jirani anayesaga unga. Mgongo unakosa cha kusimulia. Na mgongo wake ukikosa cha kusimulia, baba mkwe wangu anachukua kalamu nyekundu.

Yote haya yangebaki mzaha wa karakanani kama si barua. Ilifika Jumatatu, na Matroni, mkuu wa wauguzi, ambaye ndiye anayeamua gari gani litoke na nani aliendeshe, akaniita ofisini kwake.

"Fundi, tumeruhusiwa kubaki na gari moja tu la wagonjwa. Jingine linachukuliwa Ijumaa. Tukibaki na jipya, Kongwe linakwenda kuchinjwa spea. Tukibaki na Kongwe, jipya linapelekwa hospitali nyingine, na wenzetu huko wanalisubiri kwa mikono miwili."

"Sasa kuna swali hapo, Matroni?"

Alinisogezea kile kitabu, kimefunguliwa kwenye ukurasa ninaouchukia. "Kishindo anasema halivuti. Madereva wengine wawili wanasema anachosema Kishindo. Nitaandikaje kwamba nimechagua gari lililokataliwa na madereva wangu wote? Nipe kitu cha kuandika."

"Nikupe nini?"

"Namba. Zisizobishaniwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kutoka kwetu hadi hospitali kuu ni kilometa thelathini na moja, na katika hizo wamejenga matuta arobaini na moja. Nimeyahesabu, tena si mara moja. Kila tuta unashika breki hadi mwendo wa mtu anayetembea, unapanda, unashuka, unaanza upya. Barabara ile haina mahali pa kukimbilia mia na ishirini. Mgonjwa anayevuja damu anafikishwa na kule kuanza upya, mara arobaini na moja. Gari linaloanza upesi ndilo litakalomwahisha, na gari hilo ndilo lililokuwa linaondoka Ijumaa kwa sababu ya neno moja la wino mwekundu.

Na kuna jambo jingine, ambalo kila mtu hospitalini analijua na hakuna anayelitaja. Miaka kumi na saba iliyopita, Kongwe likiwa na mwaka mmoja tu kazini, Kishindo alimbeba mke wake mwenyewe humo ndani. Uchungu ulikuwa umemjia vibaya. Wifi yangu alizaliwa njiani, mikononi mwa muuguzi. Mama yake akafariki kwenye geti la hospitali kuu, machela haijashushwa. Nyumbani kwetu habari hiyo inasimuliwa kwa sentensi moja: baba aliendesha kama radi. Nilipoolewa nilikabidhiwa sentensi hiyo pamoja na funguo za nyumba, nikaiweka mahali pake, sikuipima.

Jioni hiyo nilimwomba mume wangu aseme na baba yake.

"Mimi simo," alisema, hata kabla sijamaliza.

"Ni baba yako."

"Ndiyo maana simo."

Angalau alinipa saa. Mume wangu ni mwalimu wa michezo. Ana ile saa ya kubonyeza, yenye kamba ya shingoni, anayowapimia wanafunzi wakikimbia. Aliitoa kwenye droo akanivisha yeye mwenyewe, kama mtu anayemtuma mwenzake vitani na yeye anabaki kula.

Jumatano asubuhi tulikwenda kwenye kiwanja cha chuo cha udereva, ng'ambo ya soko. Kuna lami iliyonyooka, mita mia nne, wanafunzi wanapojifunzia kubadilisha gia. Nilichora mstari wa chaki mwanzoni na mwingine mwishoni. Matroni alikuja na simu yake ili naye apime, nami nikashukuru, maana nilimjua mtu wangu. Sheria niliiweka wazi: magari yote mawili ataendesha baba mwenyewe, mara tatu kila moja, ili pasiwe na mguu wa kusingiziwa.

Kongwe likaanza. Lilinguruma, likatetemeka, pua ikapanda juu, moshi ukatufunika mimi na Matroni, wanafunzi wa udereva wakapiga makofi. Kisha jipya. Jipya liliondoka kama mtu anayetoka msibani bila kuaga. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliuliza kama limeshaanza, nalo lilikuwa limeshapita.

Baada ya mara ya tatu baba mkwe alishuka, akafunga mlango kwa kishindo chake, akaja kwetu anajipangusa jasho, amefurahi.

"Baba," nilisema, "kabla sijakusomea, hebu sema mwenyewe. Lipi limewahi?"

"Swali gani hilo, mkwe? Kongwe. Kwa sekunde tano, si chini ya hapo."

Nikamsomea. Kongwe: ishirini na nne nukta tatu, ishirini na nne nukta sita, ishirini na nne nukta mbili. Jipya: ishirini nukta mbili, ishirini nukta nne, ishirini nukta tatu. Sekunde nne, kila mara, na si za Kongwe.

"Hiyo saa ya watoto," alisema.

Matroni akaonyesha simu yake. Zilikuwa zile zile, zimetofautiana kwa nukta moja mbili.

"Basi kuna upepo."

"Upepo wa upande mmoja, baba? Unaolisubiri Kongwe tu?"

"Halafu wewe, mkwe wangu, kidole chako kina haraka. Jipya likikaribia unabonyeza mapema."

Nikahesabu hadi kumi. Nilimwomba, kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu, akae kiti cha abiria, ajifunike uso kwa kofia yake, na mimi niendeshe. Kazi yake ni moja: asikie mwendo, na tukifika sitini aseme "hapo". Alikubali, maana anauamini mgongo wake kuliko macho ya mtu mwingine. Kwenye Kongwe, teke lilipokuja tu, alipiga kelele "Hapo! Tumepita hata!" Kipimo kilikuwa arobaini na moja. Kwenye jipya nilipita sitini, nikapita sabini, yeye ametulia chini ya kofia, mikono magotini. Nilianza kukanyaga breki kipimo kikiwa themanini. "Mbona unasimama?" aliuliza. "Hata hatujaanza."

"Baba, tulikuwa themanini."

Alivua kofia, akakitazama kile kipimo, akanitazama mimi. Matroni alikuwa ameshafika dirishani. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani hapo mtu mzima, mwenye akili zake, atasema haya, sawa, nimekosea, twendeni tukanywe chai.

"Basi hicho kipimo ndicho kibovu," alisema. "Ulikikagua, fundi?"

Fundi, ananiita. Mimi! Siku kumi na nne nimelala chini ya gari lisilo na ugonjwa. Nilikuwa na mafuta hadi kwenye nywele. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimelisikiliza likivuma tangu Jumatatu ya juzi, na sasa limeanza kunikosoa. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kama Kongwe linakimbia hivyo, baba, mbona wifi alizaliwa njiani?"

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Nililisikia neno likitoka, nikalisikia likifika. Matroni aliweka mkono mdomoni. Baba mkwe alivaa kofia yake, akaifikicha mara moja ile sehemu ya mbele kama kuondoa vumbi, akashuka. Alifunga mlango, wala sikuusikia. Miaka tisa nimeolewa katika nyumba ile, sijawahi kutousikia mlango uliofungwa na baba mkwe wangu.

Akaondoka kwa miguu, kupitia kwenye mistari yangu ya chaki.

"Namba ninazo," Matroni alisema baadaye, akiwa hanitazami. "Lakini sizipeleki bila saini yake. Sibaki na gari halafu nikose dereva. Ijumaa saa nne wanakuja." Kisha akaongeza, "Fundi, wewe ni mwepesi sana wa mkono. Mdomo nao usiende na mkono."

Jioni sikuambiwa kitu na mume wangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu. Wifi ndiye aliyenifuata jikoni. Ana miaka kumi na saba, ana macho ya mama yake, kama picha ya ukutani haidanganyi.

"Wifi, umemwambia nini baba? Hajala. Kakaa tu."

Nikamwambia. Sikupunguza hata neno. Alisikiliza hadi mwisho, akapangusa sahani iliyokuwa imeshakauka.

"Ila na mimi nilishawahi kujiuliza," alisema.

Nilikwenda mlangoni kwa baba mkwe kuomba radhi. Nilibisha hodi, nikaomba radhi, mlango ukiwa umefungwa. Alijibu "Sawa, mama, nimesikia," kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Kesho yake, Alhamisi, hakuja kazini. Mpokea simu alisema tangu aajiriwe hajawahi kumwandikia Kishindo kwamba hayupo. Mimi nilishinda nimekasirika: naye, nami mwenyewe, na hata ile saa, iliyosema kweli tupu na haikunisaidia chochote.

Ijumaa nilifika karakanani saa moja kasoro nikamkuta. Alikuwa amesimama kando ya gari jipya, mkono juu ya boneti, viatu vimejaa vumbi.

"Jana nilikwenda kuhesabu," alisema, bila salamu. "Nilipanda basi hadi nusu, nikarudi kwa miguu, nikaona nimechanganya, nikaanza tena hadi hospitali kuu. Arobaini na moja. Ulihesabu sawasawa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Arobaini na moja mara sekunde nne?"

"Dakika mbili na sekunde arobaini na nne."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema, "Mwaka ule yalikuwa tisa. Siwezi kusahau, maana nililaani moja moja. Tisa mara nne?"

Niliona anapokwenda nikatamani nimzuie, lakini hakuna fundi anayeweza kuzuia gari linaloteremka kwa kulisimamia mbele.

"Thelathini na sita," alijijibu. "Sekunde thelathini na sita. Unajua daktari aliniambia nini pale getini? Aliniambia, mngewahi kidogo. Basi. Kidogo. Miaka kumi na saba nabeba hilo neno, sijui ni kubwa kiasi gani. Kidogo ni saa nzima? Ni dakika? Lakini nililala usingizi, mkwe. Unajua kwa nini? Kwa sababu siku ile lilivuta. Nililisikia hapa," akajigusa mgongo, chini ya mabega. "Kila tuta, nilisikia linavyoruka. Nikasema, kama ni kuwahi, hakuna binadamu angewahi kuliko hivi. Sasa juzi umenifunika uso. Nikakuambia hatujaanza, na tulikuwa themanini."

"Baba..."

"Kama mgongo wangu unadanganya leo, siku ile ulikuwa unasema kweli?"

Mimi ni mtu wa namba. Nyumbani wananicheka kwamba hata chumvi naipima. Nilitafuta namba ya kumpa, nikatafuta tena. Kongwe la mwaka ule si Kongwe la leo. Tabo ilikuwa mpya, springi zimesimama, bomba zima. Huenda halikuchelewa hata sekunde moja. Huenda lilichelewa. Jipya siku hiyo halikuwepo duniani, hata kwenye karatasi ya waliolichora. Yote hayo nilimwambia, moja baada ya jingine, upesi upesi, na yote yalikuwa kweli, na alinisikiliza kwa heshima kama anavyomsikiliza mtu asiyejibu swali.

"Umepima, au unanifariji?"

"Sijapima, baba. Haipimiki tena."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

Nilitegemea neno hilo limuumize. Lakini mabega yake yalishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo ili abadilishe mkono.

"Wewe ndiye wa kwanza," alisema. "Wote wananiambia nilikwenda kama radi. Mwanangu ananiambia. Matroni ananiambia. Kila mtu anajua, hata ambaye hakuwepo. Nikajua wananionea huruma, nikakaa kimya, maana na mimi nilitaka iwe hivyo. Haya. Lete karatasi."

Matroni aliileta mwenyewe, mbio mbio, kabla hajabadili mawazo. Baba mkwe akatia ile saini ya waya uliokatika. Kisha akachukua kitabu cha safari, akakitazama kile alichokiandika mara nne kwa wino mwekundu, na hakukifuta. Aliniomba saa ya mume wangu. Nikaivua shingoni mwangu nikamvisha shingoni mwake, ikakaa vibaya juu ya shati lake la kazi.

"Inabonyezwa wapi?"

"Hapa kuanza, hapa kusimamisha. Ukibonyeza hapa inafuta, baba, usibonyeze hapa."

"Naona," alisema, na akabonyeza hapo hapo nilipomkataza. Nilifumba macho, nikanyamaza, nikamwekea upya.

Saa tatu na robo wakaita kutoka chumba cha dharura. Mwashi alikuwa ameanguka kutoka ghorofani, nyonga imevunjika, anavuja damu kwa ndani. Kishindo akaingia kwenye gari jipya, na wote tuliokuwa uani tulilitazama likipita getini bila kelele kama lilivyo, na mpokea simu akaniuliza kama nina uhakika amekanyaga mafuta.

Simu yangu ililia kabla ya saa nne. Alikuwa anahema, nyuma yake magurudumu ya machela yakikwaruza sakafu.

"Tumefika, mkwe. Kashushwa, yuko hai, wameshamwingiza ndani. Nimebonyeza lakini nadhani nimefuta."

"Haidhuru, baba."

"Ila halivuti," alisema. "Nakuambia ukweli wa Mungu. Halivuti hata kidogo."

Akakata simu.

Saa nne watu wa yadi ya kuchinjia magari wakaja kuchukua Kongwe. Walitaka nilitoe karakanani hadi barabarani, ambako lori lao la kuvuta lilikuwa linasubiri. Ni mita mia mbili, za kwangu za kila siku. Niliketi kwenye kiti kile kilichobonyea kwa mwili wa baba mkwe, nikawasha, injini ikanguruma miguuni mwangu. Sijui kilichonituma, nilikanyaga mafuta hadi chini. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu teke likaja, pua ikapanda, kila kitu kikatetemeka, kuta za uani zikanipita pembeni, na ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba naruka, kwamba hakuna binadamu angeweza kuwahi kuliko hivi.

Nikatazama kipimo cha mwendo. Kilikuwa thelathini.